Yule Aliyekufa Kila Ijumaa

Juzi nilikuwa napangusa meza za ukumbini, hapa hotelini Doha ninapofanya kazi, televisheni ikaonyesha uso ninaoujua. Pua imepinda, kofia imechakaa. Mtangazaji alisema mwigizaji huyo amefariki; maisha yake yote kwenye filamu za kauboi, hakuwahi hata mara moja kuwa stelingi. Kisha wakaweka filamu yake. Kitambaa kikanidondoka. Ilikuwa ile ile!

Wewe hukumjua baba yangu, acha nikusimulie. Alikuwa dereva Al Rayyan, mji wa jirani na hapa, tukiishi chumba cha uani kwa kafili, tajiri wake. Ijumaa baada ya swala nilifuta vioo vya gari, mama akatuletea sahani ya wali wa nyama kutoka nyumba kubwa, akarudi kazini. Kiyoyozi kilinguruma kama trekta, nasi tukitazama filamu za kauboi kwenye televisheni. Shuleni wote walimpenda stelingi. Baba alimpenda huyu mwenye pua iliyopinda, anayemshikia stelingi farasi na kufa mapema.

"Asiposhikwa farasi, stelingi ataenda na nini?" alisema.

Jirani yetu, mlinzi wa Kikenya, alipita na chai ya karaki akimchokoza: "Mzee, leo huyo mtu wako atafika hata nusu?"

"Leo anapona!"

"Akipona nanyoa hizi ndevu!"

Ijumaa moja, jirani ameshapanda basi la kazini, kwenye filamu risasi zikamiminika, watu wakaanguka, na mtu wetu bado hai! Baba alisimama juu ya godoro. Hapo honi ikalia mara mbili. Kafili anataka kutoka.

"Niangalizie, mwanangu. Usinifiche kitu."

Nikaangalia. Hakufa! Aliondoka juu ya punda, anaimba vibaya. Nilikimbia pekupeku hadi getini, vigae vikiniunguza.

"Baba, amepona! Kaondoka na punda!"

Akacheka, akanishika kichwa kupitia dirisha la gari. "Unanionea huruma tu. Haya, kapigwa wapi?"

"Wallahi hakupigwa!"

Gari likaondoka. Miaka yote hakuniamini. Kila nilipoapa, aliniita wakili wa marehemu.

Baba alizikwa Tanga, mimi nikiwa zamu huku. Chumba cha uani kimevunjwa. Jirani alirudi kwao na ndevu zake.

Juzi nilisimama mpaka punda akatokea. "Si nilisema!" nikapiga kelele, nikageuka. Nyuma yangu alikuwepo mgeni mmoja tu. Aliinua kikombe chake, akidhani nataka kupangusa meza.

Nikaipangusa.