Pampu Iliyowekwa kwa Sikio

Evaristi hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, kikombe mkono huu, spana mkono ule, macho barabarani. Kwenye gereji yake pale mtaani Mazwi watu walishamzoea. Lakini tangu mvua zilipokatika mwaka huu, kutotulia kwake kulikuwa na sababu ambayo hakumwambia hata mkewe, Adela. Masikio yalikuwa yanamwacha. Ndani yake mlikuwa na mlio kama wa nyenje, hauishi, na sauti za watu zilimfikia zimefifia, kana kwamba wanaongea wamejifunika blanketi.

Kwa fundi mwingine lingekuwa jambo la kuvumilika. Yeye jina lake lote lilisimama juu ya sikio. Malori ya zamani yaliletwa kwake kutoka Laela mpaka Namanyere. Alikuwa akilegeza boliti za pampu ya dizeli injini ikinguruma, anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, anasogeza pampu upana wa ukucha, kisha anasema, "Hapo." Na kweli inakuwa hapo.

Asubuhi moja ya baridi na upepo, Naima alileta lori la kwao. Ukoo wao ulikuwa na duka na usafirishaji mjini, na madereva walipolichoka lile lori kuukuu, Naima alipanda usukani mwenyewe.

"Shikamoo, fundi. Linatoa moshi mweusi, na kilimani halina nguvu kabisa."

"Marahaba, mwanangu. Pampu imerudi nyuma hiyo. Mafuta yanachelewa kufika."

Akalegeza boliti, akaweka bisibisi sikioni. Nyenje tu. Akaisogeza pampu, akasikiliza tena, akaisogeza tena. Jasho likamtoka kwenye baridi ile. Mwishowe akakaza.

"Hapo," alisema.

Naima aliinamisha kichwa. "Mbona kama inagonga?"

"Baridi hiyo. Ikipata moto itaacha."

Naima alikuwa anamwamini, akaondoka kwenda Msanzi kupakia mahindi.

Evaristi akarudi kwenye kazi nyingine, akaiacha. Akashika nyingine, ikamshinda. Alizunguka gereji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alijua pampu ikivutwa mbele kupita kiasi mafuta yanawahi kuwaka, na pistoni inapigwa kama kwa nyundo mpaka ipasuke. Yule binti alikuwa anakwenda kupakia magunia na kupanda vilima kwa injini ya namna ile. Akatupa tambara, akachukua begi la spana, akasimamisha bodaboda.

"Barabara ya Matai, ya kwenda Msanzi. Kimbiza!"

Njia nzima alikuwa akimgongagonga kijana mgongoni aongeze mwendo. Kila lori lililotokea mbele lilimpasua moyo. Mwisho akaliona, limesimama pembeni kabla ya kilima, boneti juu. Naima alikuwa amekaa kwenye jiwe, kitenge kimefunika kichwa na mabega kwa ajili ya upepo.

"Limekufa?" Evaristi aliuliza kabla hajashuka vizuri.

"Nimelizima mwenyewe. Lilikuwa linagonga mpaka usukani unatetemeka. Nikasema nisije nikaua injini ya watu." Akamtazama. "Fundi, wewe hukusikia?"

Evaristi alifungua mdomo kusema habari za baridi. Akaziacha.

"Sikusikia, mwanangu. Sisikii vizuri tangu mvua zilipokatika. Nilikudanganya."

 Naima akasimama, akakung'uta vumbi. "Sasa tunafanyaje?"

Ilikuwepo njia ya macho, ile aliyofundishwa ujanani akaidharau. Alifungua bomba la silinda ya kwanza, akatoa vali ndogo iliyo chini yake. Naima alizungusha puli ya mbele kwa spana kubwa, taratibu, mpaka alama za kupangia injini zikakutana, kisha akawa anasukuma dizeli kwa kile kipampu cha mkono cha kutolea upepo kwenye mafuta. Evaristi alirudisha pampu nyuma, matone yakaanza kutoka. Akaivuta mbele kidogo, kidogo tena, macho hayapepesi. Matone yakapungua. Yakakoma. Hapo ndipo mahali pake pampu, bila sikio.

Wakakaza, wakarudisha vali na bomba, wakatoa upepo. Naima akawasha. Evaristi hakutazama injini, alimtazama yeye usoni.

"Imetulia," Naima alisema kwa sauti kubwa. "Inaimba, fundi."

Waliendelea pamoja mpaka Msanzi, wakapakia, na lori likapanda vilima bila manung'uniko.

Jioni Evaristi alimweleza Adela yote. Adela aliendelea kupepeta maharage.

"Baba Gaudiosa, unadhani kwa nini siku hizi nakugusa bega ndipo nikuite? Nilikuwa nangoja useme."

Akampeleka hospitali mwenyewe. Daktari alisema sikio la kushoto halitarudi, la kulia litasaidiwa na kifaa.

Kazi haikuisha, ila ilipungua. Wiki chache baadaye dereva mmoja mwenye haraka alimtaka aweke pampu kwa sikio kama zamani. Evaristi alikataa, akamweleza sababu mbele ya watu. Yule dereva akageuza lori kwenda kwa fundi mwingine. Evaristi alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona, vidole vinafungua na kufunga spana. Kisha akaliendea gari lililokuwa linasubiri, akaanza kulegeza bomba la silinda ya kwanza.