Mji Usiopigwa Hodi

Mwaka ninaousimulia ni ule tuliosonga ugali kwa unga wa mchele. Xiaobei, mtaa tunaoishi huku kwa Wachina, ilikuwa imeanza kupata watu tena, wafanyabiashara wa Nairobi na Mombasa wanarudi mmoja mmoja, lakini unga wa mahindi ulikuwa haujarudi nao. Ukiuliza dukani, laoban, yaani mwenye duka, anakujibu meiyou, hakuna, na macho hayatoi kwenye simu yake. Basi tukasonga wa mchele. Ulinata vidoleni kama gundi ya viatu, tukaula kwa samaki wa mtoni mwenye miba mingi kuliko nyama, tukashukuru.

Nilikuja kumwangalia binti yangu alipojifungua. Ana ofisi ya kusafirisha mizigo barabara ya Huanshi Zhonglu, na mumewe hushinda ghalani. Nilisema nakaa arobaini tu. Mtoto akaota meno, akatembea, akajifunza kunikemea kwa Kichina, mimi bado niko. Mombasa nilimwacha mjukuu wangu mkubwa, binti wa mwanangu wa kiume. Huyo nimemlea mwenyewe tangu alipoachishwa ziwa, sasa yuko chuo. Nikimpigia simu ya picha ananiambia, "Poa, Nyanya," na namwona anatazama kitu kingine pembeni. Siku moja nikamuuliza ni kitu gani hicho.

"Mchezo, Nyanya."

"Basi niingize na mimi huko unakotazama."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniingiza. Binti yangu alihangaika na simu yangu siku nzima, maana mitandao mingi ya kwetu huku haifunguki hivi hivi.

Ulikuwa mji. Yeye, binamu zake na wenzake wa chuo, kila mmoja kajifanya mtu fulani, na wanaandikiana: huyu kaingia sokoni, yule kamjibu, hao wanagombana. Mchezo wenyewe ulikuwa na hesabu zake za ndani, za nguvu, za njaa, za leveli, lakini wao hawakuzitumia. Kila mtu aliandika karatasi yake pembeni, na wanaiita karatasi ingawa iko kwenye simu, akaeleza mtu wake ni nani, anaweza nini na hawezi nini. Kilichoandikwa humo ndicho kilichofuatwa.

"Nyanya, andika mtu wako. Wengine wapiganaji, wengine wachawi."

"Mimi na umri huu niende nikawe mchawi?"

Nikajiandika mimi. Mwanamke mzee, mpika mahamri, goti la kushoto bovu. Palipotakiwa udhaifu nikaandika: hana.

"Na goti, je?"

"Goti lina matatizo yake. Mimi sina."

Nikamwamuru aongeze na hili: kwangu haingii mtu mpaka apige hodi nimjibu. Akaandika. Wenzake wakalifuata, hata yule mchawi wao mwenye kujigeuza moshi alikuwa akija mlangoni anajigeuza mtu kwanza, ndipo apige hodi. Na tukienda mahali pa ngazi walinisubiri, kwa sababu ya goti.

Kila Jumapili alasiri, kwao bado asubuhi, naona maandishi yake: Hodi. Naacha kidogo. Hodi, Nyanya. Naacha tena, makusudi, maana najua kasimama nje ya mlango wangu na hana pengine pa kutazama. Hodi, wewe bibi, jua linanichoma. Ndipo naandika: Karibu, mbona hukusema. Anakaa barazani kwangu ananieleza yote, mitihani, ukali wa baba yake, kijana mmoja anayemzungukazunguka. Mambo ambayo kwenye simu ya picha aliyameza.

Huku ghorofani mlango wetu hufunguliwa kwa namba. Anayeleta chakula hutundika mfuko kwenye kitasa, akakimbilia lifti. Tangu nifike hakuna aliyesimama nje akaniita. Jumapili tu.

Kisha wakaanza kukosana. Mmoja aliuawa vitani akakataa kufa, karatasi yake inasema hafi. Mwingine kila akishindwa anaiongezea yake mistari. Walitukanana wiki nzima. Mjukuu wangu akasema sasa basi, tunahamia mji mpya, mchezo utahesabu wenyewe, hakuna karatasi. Nilimwona ana haki. Mtu aliyekufa na afe.

Nikaujaribu huo mji mpya. Mchezo ulinipa mwili wa msichana, hauna wazee. Nikakimbia. Nikaruka ukuta, na sisemi uongo, niliruka tena kwa raha yangu. Halafu nikaingia ndani, nikapanga mahamri rafuni, nikakaa kungoja.

Mlango ukafunguka. Akaingia kijana nisiyemjua, akachukua mahamri yote, mchezo ukampa alama kwa hayo, akatoka.

Nikamwandikia, "Wewe, hukupiga hodi."

"Mlango wako leveli ya chini, mama."

Nyuma yake akaingia mjukuu wangu. Naye kaingia tu, moja kwa moja mpaka jikoni.

"Na wewe?"

"Mlango unafunguka wenyewe, Nyanya. Mchezo umekubali."

"Mimi nimekubali?"

Jioni, huku nasonga ule unga wa mchele, akanipigia simu ya picha. Safari hii alinitazama mimi.

"Nyanya, mji wa zamani tunaufunga Jumapili ijayo. Wote wamehama, umebaki wewe."

"Wekeni hodi huko."

"Haiwekeki. Mchezo hauna kitu hicho, una ufunguo na leveli. Nitakupandisha leveli mimi mwenyewe, mlango wako usifunguliwe na mtu."

"Na wewe utaingiaje?"

"Nitakuwa na ufunguo."

"Sitaki uwe na ufunguo. Nataka uniite."

Nilimwona anauma mdomo, kama alivyokuwa akifanya utotoni nikimnyima sukari. Mwiko umenisimama mkononi na sufuria inaungua.

"Usipohama tutaongea wapi, Nyanya? Unajua kwenye simu siwezi kusema."

Najua. Nilijua hata kabla hajasema.

"Mimi bila hodi sihami."

"Nyanya, tafadhali. Kwa ajili yangu."

"Mimi bila hodi sihami."