Baba Alipompita Shangazi Bila Salamu

Kwetu Endagikot mdogo ndiye anayeanza kusalimia. Baba yangu amefikia umri ambao karibu kila anayekutana naye ni mdogo kwake. "Shikamoo, mzee," wanamwambia kabla hawajamfikia, naye anaitikia marahaba, akimjua mtu kwa sauti. Ndiyo maana hatukugundua kwamba macho yake yanaharibika. Gazeti alisoma, mahindi alipalilia.

Aliyegundua ni shangazi, dada yake mkubwa, ambaye baba ndiye anayepaswa kumwamkia. Alikuwa amekuja kutoka Endasak kututembelea. Akapitia sokoni Mbulu mjini, akamkuta baba, akasimama ubavuni kwake kungoja shikamoo yake. Baba akatazama mbele, akampita.

Jioni shangazi akaingia nyumbani amenuna.

"Nilikubeba mgongoni, leo hunioni? Au umeshanizidi umri?"

"Shikamoo, dada! Nikuone wapi, ndiyo kwanza unafika?"

"Sokoni! Nusura unikanyage!"

Mtu mwingine angeendelea kufoka. Shangazi alimtazama mdogo wake machoni, kisha akamwambia aukodolee macho mlango bila kugeuka. Akainua mkono pembeni ya sikio la baba.

"Vidole vingapi?"

"Vidole gani?"

Hasira zikamwishia palepale. Alilala kwetu, na asubuhi tukampeleka baba hospitali.

Mtaalamu wa macho alipomaliza kumpima alitueleza taratibu. Ni presha ya macho. Haiumi. Kwa kawaida huanza kula uoni wa pembeni huku mbele pakibaki safi, kwa hiyo mtu anaweza kusoma gazeti na kumbe yuko njiani kuwa kipofu. Kilichopotea hakirudi, ila dawa ya matone, ikitumiwa kila siku bila kuruka, husaidia kulinda kilichobaki.

"Hakirudi kabisa?" baba akauliza.

"Hakirudi, mzee."

"Sasa matone ya nini?" Akashika fimbo yake ainuke.

"Keti," shangazi akasema. "Baadhi ya ng'ombe wako wakipotea porini, waliobaki unawaachia fisi?"

"Siwezi."

"Basi chunga waliobaki."

Baba akacheka bila kutaka. Akaiweka fimbo chini, akainua uso, akatiwa tone la kwanza.

Mtaalamu akaongeza kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ndugu na watoto wa mgonjwa, hasa waliovuka miaka arobaini, wapimwe hata kama hawasikii maumivu yoyote. Mimi nimeivuka. Nilikuwa nafungua mdomo niseme nitakuja shule zikifungwa, maana nafundisha, na visingizio vya mwalimu haviishi.

Shangazi, ambaye mpaka leo huchambua maharage yake bila miwani, alikuwa ameshakalia kiti cha kupimia, kidevu juu ya kifaa.

"Anza na mimi," alimwambia mtaalamu. "Na huyo mwalimu asiondoke. Anafuata."