Wimbo Ulioanzia Katikati

Dada yangu mkubwa ana sauti nzito tangu utotoni, na hilo ndilo lililomponza. Ukimsikia bila kumwona utasema ni mwanamume. Hata leo akipokea simu ya mtu asiyemjua anaitwa mzee, na yeye huitikia tu, hana shida. Lakini zamani zile sauti yake ilikuwa kwenye kanda, na kanda haina uso.

Nazungumzia kanda tulizokuwa tukitengeneza wenyewe huku upande wa Boito, kabla simu hazijaingia kila mfuko. Kericho mjini kulikuwa na maduka ya kanda zenye picha za rangi, mwimbaji amevaa suti, amesimama kando ya gari la mtu mwingine. Sisi hatukuwa na picha. Tulikuwa na redio-kaseti ya midomo miwili, inayomeza kanda mbili kwa pamoja, mali ya fundi wa baiskeli pale sokoni. Tulikuwa na kituo cha kununulia majani, kile kibanda cha mabati ambapo wakulima hupimiwa chai yao. Na tulikuwa na dada yangu na gita lake. Wanaume waliokuja kurekodi walikuwa wengi, kila mmoja na wimbo wake wa kusifu ng'ombe au kumlilia msichana aliyemkataa kwa sababu nzuri tu. Mwanamke mwenye gita alikuwa mmoja. Mimi nilikuwa mwitikiaji wake. Kazi yangu ilikuwa kurudia mstari wa mwisho, halafu nifunge mdomo, jambo ambalo sikulizoea.

Mambo yote yalifuata chai na mvua. Asubuhi kila mtu yuko shambani anachuma. Mchana majani yanapimwa, lori linachukua, kituo kinabaki kitupu. Hapo ndipo tuliingia. Tulitundika magunia ukutani ili sauti isirukeruke, fundi akaweka mashine juu ya meza ya mizani, na tukaimba haraka haraka kabla mvua ya alasiri haijafika. Ikishafika na kugonga mabati, basi, potelea mbali, ukusanye gita lako urudi kesho. Kuna nyimbo nyingi za huku ambazo zinakimbia mno, na vijana wa leo wanasema ndio mtindo wetu. Mtindo gani? Tulikuwa tunakimbia mvua.

Kila mwimbaji alianza kwa kujitaja, vile mgeni anavyofanya akifika kwenye boma la watu. Mimi ni fulani, mtoto wa fulani, wa ng'ambo ya mto fulani. Ndipo gita linaingia. Asiyejitaja alionekana kama mtu aliyepitia kwenye ua badala ya lango. Dada yangu alijitaja vizuri sana, polepole, jina lake na la baba na la mto, ingawa mvua ilikuwa inakuja. Baba alikuwa mzee wa kanisa na alikuwa amesema hadharani kwamba msichana wa kupiga gita hatajulikana kwenye nyumba yoyote ya maana. Kwa hiyo dada alimtaja baba kwa sauti ya kutosha.

Wimbo wenyewe ulikuwa juu ya mwanamke anayechuma chai ya mume wake, na siku ya malipo anaona tu mume akirudi na viatu vipya. Watu waliupenda hadi wanaume. Ulivuka mto, ukaingia kwenye mashamba makubwa ya kampuni, ukafika Bomet, ukafika Kericho. Ulienda kwa kunakiliwa, kanda kwa kanda, kila mtu akimnakilia mwenzake, na hapo ndipo shida ilianzia.

Mwanzoni mwa kila kanda kuna kipande cha utepe kisicho na rangi. Hakishiki sauti. Ukianza kurekodi hapo, mashine inazunguka lakini hakuna kinachoingia, mpaka utepe wa kahawia ufike. Sasa, huku kwetu umeme ulikuwa wa watu wa kiwandani. Sisi tulitumia betri, zile kubwa, na kila mtu alizionea huruma kuliko alivyojionea mwenyewe. Tulizianika juani zikichoka. Kwa hiyo mtu akitaka kunakili, alipeleka kanda yenye wimbo mpaka pale sauti inapoanza kabisa, ili betri isiliwe na ukimya. Kisha akaweka kanda mpya, akabonyeza zote pamoja. Upande mmoja dada yangu anajitaja, upande wa pili kipande kile kisicho na rangi kinapita. Jina linaangukia hapo. Nakala inayofuata inakula baba. Inayofuata inakula mto, halafu gita la mwanzo. Kufikia Kericho, wimbo ulikuwa unaanzia katikati ya mstari, mwanamke yuko tayari shambani na kikapu kimejaa nusu, na sauti nzito isiyo na mwenyewe.

Watu walifikiri ndivyo ulivyotungwa. Waliuimba hivyo hivyo kwenye harusi na harambee, wakianzia pale katikati kwa ujasiri mkubwa. Nikiwasikia nilicheka. Dada hakucheka hata siku moja.

Halafu akatokea mwanamume mmoja wa mjini mwenye bendi ya harusi, akaanza kusema wimbo ni wake. Simlaumu sana kwa kuuimba. Kila mtu aliuimba. Lakini alipanda nao jukwaani miaka na mikaka akitambulishwa kama mtunzi, na akazoea, na nafikiri mwishowe akaamini. Dada aliolewa, akazaa, gita likaisha nyuzi. Alichuma chai ya mume wake, na viatu alivionaje, sitasema.

Mtoto wake wa kwanza alipooa, bendi iliyokuja ilikuwa ya mwanamume huyo huyo. Dada alingoja mpaka wapumzike, akamwendea na sahani ya nyama mkononi, kwa heshima kabisa.

"Baba, ule wimbo wa mchuma chai, uliutunga lini?"

"Aa mama, zamani. Nikiwa kijana."

"Niimbie vile unaanza."

Akaimba, pale pale katikati ya mstari.

"Anza mwanzo," dada akasema.

"Huo ndio mwanzo, mama."

"Mtu mwenye wimbo anaanzaje katikati? Mwanamke ameamka saa ngapi? Kikapu amekitoa wapi?"

Watu wakacheka. Walimcheka dada. Mwanawe, bwana harusi, akamshika kiwiko akamvuta pembeni. "Mama, wacha. Unatuaibisha mbele ya wakwe." Nilikuwa hapo. Nilitaka kumzaba kofi yule kijana, suti yake na yote. Dada aliweka sahani chini akaenda kukaa na wanawake waliokuwa wakimimina mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na tangu siku hiyo hakutaja wimbo ule nyumbani kwake. Lakini kwangu aliutaja. Alisema jambo moja tu: kwamba anataka mtoto wake asikie jina la mama yake kwenye wimbo ule kabla mmoja wao hajafa. Aliposema hivyo niliingiwa na uchungu ambao sikuutarajia, kwa sababu dada yangu si mtu wa kutaka vitu.

Mwaka jana kijana mmoja wa redio ya lugha yetu alianza kuzunguka akikusanya nyimbo za zamani. Alikuja mpaka kwangu, mtoto mzuri, viatu vimejaa matope. Nilimweleza. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema kwenye kompyuta yao wimbo ule una jina la mwanamume wa mjini, na bila kanda ya kwanza yeye hana la kufanya. Kanda ya kwanza! Fundi wa baiskeli alikuwa ameirekodia mahubiri juu yake zamani, kisha akafa.

Dada ndiye aliyekumbuka. Siku ile ya kurekodi alikuwepo rafiki yetu mmoja Mkisii, aliyekuwa akiishi kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni, na kuja kwetu kununua maziwa. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto alilia pale mwanzo kabisa. Fundi alitaka kurudia, lakini wingu lilikuwa limeshafika. Baadaye yule mama akaomba nakala yake, na akamsimamia fundi akimwambia asiruke chochote, kwa sababu mtoto wake yuko hapo mwanzo. Fundi alilalamikia betri zake. Mama hakumsikiliza. Kipsigis, lugha yetu, hakuwa anakielewa na wimbo haukumhusu. Yeye alitaka kilio cha mtoto.

Tulimpata upande wa Kipkelion, alikonunua shamba baada ya kustaafu. Alituangalia tukishuka, akapiga makofi. "Ebo! Kumbe bado mko hai nyinyi!" Tulikunywa chai, tukaulizana habari za waliokufa na walio hai, na ndipo dada akauliza. Yule mama aliingia chumbani akatoka na kanda ndani ya soksi ya mtoto mchanga. Hakukuwa na mashine ya kuichezea. Lakini yule mtoto aliyelia, ambaye sasa ni jitu la kitambi na ndevu, ana pikapu kuukuu yenye redio ya kanda, kwa hiyo tulibanana mbele wanawake watatu na yeye akasimama nje na kichwa dirishani.

Kwanza kipande kile cha kimya, kikapita chote. Halafu mtoto akalia, na mama yake akambembeleza kwa Kikisii, na mwenye ndevu akaona haya. Halafu dada yangu akajitaja. Jina, baba, mto. Wazi kabisa, kama mtu anayebisha hodi.

Nilimwangalia. Nilifikiri atalia, mimi nilikuwa nimeshaanza. "Ule uzi wa chini ulikuwa umelegea," akasema. "Nilimwambia fundi."

Kijana wa redio alifurahi kuliko sisi. Aliipeleka kanda mjini, akaihamishia kwenye kompyuta, akairudisha na soksi yake, na akatuambia Jumamosi alasiri wimbo utachezwa mzima, kwenye kipindi cha nyimbo za kale. Dada alimwita mwanawe. Hakumwambia kwa nini. Alimwambia tu aje na mke na watoto, atachinja kuku. Tuliketi jikoni kwake, redio juu ya kabati, na dada amevaa gauni la kanisani.

Mtangazaji hakuwa yule kijana. Alikuwa mwingine, mwenye maneno mengi. Kilio cha mtoto kikaanza, na mtangazaji akacheka, akasema, "Sikilizeni huyo mtoto anavyodai maziwa!" Halafu akataja saa. Halafu akasalimia wakulima wote wa Konoin, akasalimia madereva, akasema mvua inakuja mwanike nguo ndani, na chini ya maneno yake nilisikia sauti ya dada yangu ikipita, ikizama, na gita likaingia. "Twende nayo!" akasema mtangazaji, akanyamaza. Wimbo ukaendelea vizuri sana.

Wueh. Nilimtukana mtu yule kwa maneno ambayo mkwe wa dada hakuwa ameyasikia kwangu. Mwana wa dada alitikisa kichwa kwa mdundo. "Hii nakala ni safi, mama," akasema. "Bendi ile ilicheza hii kwa harusi yetu, unakumbuka?" Hakuwa na ubaya. Hakujua.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua simu yake, ile ndogo ya vibonyezo, akapiga namba ambayo mtangazaji huitaja kila baada ya wimbo. Laini ilikuwa na watu. Akapiga tena. Akapiga tena, kuku anapoa, wajukuu wanalia njaa. Tulifikiri ameshikwa na kitu. Mwanawe akasema, "Mama, unampigia nani?" Akabonyeza tena. Halafu ikaingia, na tukamsikia mtangazaji mara mbili, kwenye simu na juu ya kabati, akisema, "Mzee, zima redio yako kwanza."

Mwanawe akasimama akaizima. Ikabaki sauti ndogo ya simu sikioni mwa dada, ambayo sisi hatukuielewa. Dada alikuwa anaangalia mlango.

"Si mzee. Ni mama," akasema. Akasikiliza. "Sisalimii mtu. Huo wimbo umecheza sasa hivi ni wangu." Akasikiliza tena. Kisha akajitaja, polepole, vile vile.

Jirani yake upande wa pili wa shamba la chai ana redio kubwa, na huifungulia mpaka ng'ombe wasikie. Dada alikuwa ameshamaliza kusema na kufunga mdomo, lakini redio huchelewa nyuma ya simu, na kule kwa jirani maneno yalikuwa ndiyo yanafika. Yalikuja juu ya majani ya chai, mazito, na kwa dirisha tuliyasikia sote: jina lake, la baba yetu, la mto. Mwanawe alikuwa bado ameshika kitufe cha redio. Alimgeukia mama yake, akamwangalia mdomo, uliokuwa umefungwa.