Siro ya Mti Wetu wa Ganshoren

Siro hii imenigharimu kilo mbili za sukari, gesi ya mchana kutwa, na heshima yangu mbele ya mama mkwe.

Binti yangu Neema, wa miaka saba, alitaka tuchemshe utomvu wa erable, mti wenye utomvu mtamu ulio nyuma ya nyumba yetu huku ughaibuni Ganshoren, uwe siro, shira nzito ya kupaka mkate. Tulitoboa shina, tukatundika ndoo. Siku zikapita bila tone. "Papa, ni miye nilitoboa mubaya?" akauliza, machozi yakimlengalenga. Basi asubuhi, kabla hajaamka, nikamimina maji ya sukari ndooni.

Jioni nikapima mara mbili: ndoo ilizidi nilichotia! Nikajigamba kwa familia nzima kwamba mti umekubali. Kesho yake tukachemsha mchana kutwa, tukaonja.

"Mukwe," mama mkwe akasema, "muti yako inazala machungwa?"

Neema akainama. "Niliongeza jus yangu ya machungwa kidogo. Papa alikuwa na huzuni sana."

Nilimkumbatia. Bado anaamini kingine chote kimetoka mtini, na kesho anampelekea mwalimu wake chupa. Jamani, nishaurini: nimwambie, au ninyamaze?