Uti wa Bawa la Mihayo

Mihayo, fundi mitumbwi wa Kirumba, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: ndege. Zile kubwa za mizigo zilizoanza kufuata minofu ya sangara ziwani tangu biashara iwe huria zilimtia wazimu, akaapa kuunda yake ndogo, isiyobeba mtu wala injini, ya kuvutwa kwa kamba hadi ishike upepo. Mbili zilikwisha kuvunjika mabawa hewani, mbele za watu wenye midomo yao. Mkewe, Odeta, alichoka.

"Baba Gladness, hii ya tatu ikivunjika naifanya kuni, napikia maharage."

Safari hii Mihayo alikuwa na dawa. Mzungu mmoja aliyekuja kuvua kwa starehe alitupa fimbo yake ya kuvulia iliyovunjika, ya nyuzi za kaboni, nyepesi ajabu na ngumu kama chuma. Mihayo aliipasua vipande vyembamba, avibandike juu na chini ya ubao mwepesi, apate uti wa bawa usiovunjika.

Vikakataa kushika! Gundi ilikauka vizuri, lakini akiupinda uti kidogo tu, kaboni inabanduka. Akakwangua, akarudia, yale yale. Akapanda dukani kwa Okwach, aliyemuuzia gundi, akifoka.

"Hii gundi au uji? Soko huria ndiyo mtuuzie takataka?"

"Fundi, gundi hiyo imeshika viatu vya Kirumba nzima. Kwako tu ndiyo haishiki?"

Alirudi nyumbani na hasira zake, na gundi ya kutosha mara moja tu. Odeta akauokota ule uti, akaunusa.

"Mbona unanuka sangara?"

Mihayo akakitazama kikopo cha mafuta ya sangara kando ya randa yake. Kila ubao wa mtumbwi aliupaka mafuta hayo kabla ya kuuunga kwa misumari, maji yasipenye. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake. Na mikono, bila kumuuliza mwenyewe, ilikuwa ikiupaka na uti wa ndege kila mara. Gundi gani itashika mafuta? Aliona aibu.

Akachonga ubao mpya, akaiosha kaboni kwa sabuni, kisha akampa mkewe gundi.

"Paka wewe, Mama Gladness. Mikono hii siiamini tena."

Odeta alipaka huku akinung'unika.

Jumapili, Okwach naye akiwa amekuja kutazama aibu ya fundi, ndege ilivutwa kwa kamba, ikapaa juu ya mawe. Upepo ukalipiga bawa, likapinda, likanyooka, halikuvunjika. Ikazunguka, ikatua majanini taratibu. Mihayo alitimua mbio, lakini Odeta alimtangulia, akaikumbatia.

"Usiiguse!" akamkaripia. "Nenda ukanawe kwanza."