Ukanda wa Ngozi na Viatu vya Harusi

Miaka ile ya hamsini, katika duka la viatu mjini Nakuru, Mwafrika aliruhusiwa kununua kiatu ila si kukijaribu. Ukitia mguu wako humo, ilisemekana, mzungu atakayekuja baadaye hatakitaka. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alinieleza kwa huruma kabisa: "Mimi hapana shida na wewe. Lakini mzungu kama naona wewe najaribu, yeye hapana rudi tena." Mimi nilimwogopa yeye, yeye alimwogopa mzungu, na mzungu nadhani aliogopa vidole vyangu.

Kwa hiyo kila mmoja wetu alikwenda dukani na kipimo chake, kamba au kijiti. Mimi nilitaka viatu vya harusi. Nilikuwa kibarua katika shamba la mzungu huko milimani Keringet, kazi yangu kukausha maua ya pareto, na mchumba wangu alikuwa binti wa watu wa reli waliotoka magharibi wakakaa landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Jamaa zake walikuwa wamekwisha kutuhukumu sisi watu wa milimani: tunanuka maziwa na viatu hatuvijui. Mjomba wake, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, alituambia siku ya posa, "Huyu kijana akikuja kanisani miguu mitupu, mimi narudi nyumbani na bibi arusi." Wala hakuwa anatania. Hata sisi tulikuwa na yetu ya kusema juu yao, lakini hayo nayaacha, maana mke wangu bado ananipikia.

Kamba ya duka sikuiamini, kwa kuwa ukiivuta hurefuka. Sisi ni watu wa ng'ombe. Nilikata ukanda wa ngozi mbichi ya fahali aliyechinjwa siku hiyo, nikaupima na wayo wangu, kisigino hadi kidole gumba. Kisha, ili ukakamae na kuingia kiatuni bila kujikunja, nikautundika siku tatu katika banda la kukaushia pareto, juu ya moto. Mimi, niliyelipwa mshahara kwa kujua kwamba kitu kikikaushwa hupungua.

Dukani ukanda uliingia kiatuni ukakaa sawasawa. Kwenye benchi mtoto wa kizungu alikuwa anajaribu jozi ya nne, akilia kwamba zote mbaya. Nilinunua zangu nikaondoka kifua mbele.

Asubuhi ya harusi vidole viliingia, kisigino kikabaki nje. Msimamizi wangu akakisukuma kwa mpini wa kijiko mpaka kikakubali. Nikaingia kanisani nikitembea kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, na nyuma yangu mjomba akanong'ona kwa sauti iliyotosha kanisa zima: "Si niliwaambia? Watu wa huko hawajazoea viatu."

Miguu iliniuma, lakini maneno yale yaliniuma zaidi. Nilikatazwa kuvijaribu kwa sababu ya ngozi yangu, vikanibana kwa sababu sikuvijaribu, na sasa kule kuchechemea kukawa ushahidi wa jinsi nilivyozaliwa. Nilitamani kugeuka nimtukane, ila padre alikuwa ananiuliza kama namkubali binti huyu.

Kwenye karamu niliketishwa karibu na mjomba. Alipokunja nne, kiatu chake kilimtoka, na kutoka ndani yake likaanguka gazeti karibu zima. Tukatazamana.

"Duka lile la Mhindi?" akauliza polepole.

"Lile lile, mjomba."

"Mimi huchukua kubwa, halafu najaza." Akatazama huku na huku. "Hebu lete hizo zako."

Chini ya meza tukabadilishana. Vyangu vilimkaa, vyake vikanikaa bila gazeti lolote.

"Hii maneno ibaki hapa chini," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Muziki ulipoanza nikamchukua bibi arusi, nikacheza nikizunguka kwa kisigino. Mama mkwe alinitazama kwa furaha ya kweli, akamgeukia jirani yake. "Tumewasingizia bure watu wa milimani," akasema. "Huyu asubuhi hakuwa anajua viatu, sasa ona anavyocheza navyo. Hawa watu ukiwafundisha, wanashika haraka."

Mjomba alikuwa kando yake, amesimama ndani ya viatu vyangu.

"Ndiyo, dada," akasema. "Wanashika."